Mdoli Asiyekohoa

Umepotea, binti. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloniwasha, na nikiliacha litanikaba. Ramadhani imekuja ikaenda, sikukuu zimepita, Mama Mbaruku wa nyumba ya pili tumemzika na hitima tumemsomea, na wewe hukuonekana hata jikoni kwa akina mama. Mtoto niliyekuwa namfunga kamba za viatu kwenye baraza langu hapa Mtaa wa Sikukuu asije akajikwaa akatumbukia mtaroni! Leo una shida, na hata shida yenyewe hukuileta mlangoni. Umeitia kwenye bahasha ukaipeleka gazetini, ukajiita "Mwalimu mwenye hofu, Gerezani", kana kwamba Bibi Siti wa gazetini ni mtu mwingine na Bibi Siti aliyekupaka dawa ya tetekuwanga ni mtu mwingine. Saadiya, binti wa gazeti anayenisomea barua zenu na kuandika ninayoyasema, hakufika hata katikati nikamwambia, simama hapo, huyu namjua.

Jina lako sitalitoa. Barua nimesema ichapwe kama ilivyo, na wasomaji waisome yote kabla hawajafika kwenye hasira zangu, asije mtu akasema bibi kazeeka anafoka ovyo.

*

Bibi Siti, shikamoo. Naomba unisikilize mpaka mwisho ndipo unifokee, maana najua utanifokea, na kusema kweli nadhani ndicho ninachokitafuta, kwa kuwa wachache niliowagusia wamenipa pole na pole zao hazinisaidii kitu, usingizi hauji.

Mimi ni mwalimu kwenye chuo kidogo cha uuguzi hapa Gerezani, chuo chenyewe kiko ghorofani, chini yetu kuna duka la vitenge la Mzee Hamood, na kazi yangu zaidi ya kufundisha ni kutunza chumba cha mazoezi, kile chenye vitanda na midoli ya kujifunzia, na katika midoli hiyo yupo mmoja wa mtoto, umbo la mtoto wa miaka mitano hivi, aliletwa kwa msaada kutoka nje, akatolewa bandarini kwa mbinde, na wanafunzi wakampa jina la Shomari, ambalo ni jina la mlinzi wetu, kwa sababu wote wawili hawana unywele hata mmoja. Shomari anachomwa sindano za paja, anafungwa vidonda, anaogeshwa, ila kazi yake kubwa ni mpira wa kulishia, ule unaopitishwa puani mpaka tumboni kwa mtoto asiyeweza kumeza, na ndani yake wametengeneza njia mbili kama za binadamu, moja inakwenda kwenye mfuko wa tumbo na nyingine inakwenda kwenye mifuko ya mapafu, ili mwanafunzi akikosea njia, maji aliyomimina yaonekane yameingia kwenye pafu, aone kosa lake kwa macho, arudie.

Sasa Bibi, mdoli kama huyo ana masharti yake, kila mkimaliza unatakiwa umfungue kifua, umwage maji yote, uoshe ile mifuko kwa sabuni isiyo kali, uikaushe ndipo umfunge, na mimi mwanzoni nilikuwa nafanya hivyo, lakini madarasa yakaongezeka, kundi linatoka kundi linaingia, nikawa namlaza na maji yake ndani nikisema nitamwaga kesho, mpaka mifuko ikaota ukungu na wa pafu moja ukapasuka, na siku hiyo wanafunzi wamemimina maji wee, yakapita kitandani, yakaingia kwenye ufa wa sakafu, yakashuka moja kwa moja juu ya majora ya vitenge ya Mzee Hamood, mapya, ndiyo kwanza yamefunguliwa. Mzee Hamood alipanda ngazi zile na jora limelowa begani anapiga kelele, "Mna mgonjwa gani huku juu anayekojoa mpaka dukani kwangu?" na wanafunzi wakacheka, ila Mkuu wetu wa chuo, Mwalimu Onesphory, hakucheka.

Mkuu akaniambia niuzibe. Nikamwambia mfuko wa pafu hauzibwi, unaagizwa mwingine, akasema wakaguzi wanakuja mwezi huohuo na yeye hataki kusikia habari ya kuagiza, basi nikamfunga Shomari kwenye magazeti, nikamtia kwenye kiroba, nikashuka naye mpaka Mtaa wa Kongo kwa fundi wa mabegi, na njiani wamachinga wananitania, "Dada, huyo mtoto mwache apumue basi!" maana mguu ulikuwa umetokeza nje. Fundi akamfungua, akamulika ndani kwa simu, akasema, "Dada, mfuko huu wa ndani siuwezi, ila kama unataka maji yasifike huko, naweza kuiziba njia yenyewe huku juu kooni," nikasema ziba, akaziba kwa gundi ya soli. Nilikuwa nimesimama palepale, Bibi, niliona anachokifanya, nilijua.

Tangu siku hiyo hakuna mwanafunzi aliyekosea, maana mpira hauna pengine pa kwenda ila tumboni hata ukiusukuma umefumba macho, na maji nayo Mkuu akayapiga marufuku kabisa, hakutaka ugomvi tena na Mzee Hamood, kwa hiyo ile hatua ya mwisho, ya kuvuta kwa bomba la sindano uone majimaji ya tumboni na kuyapima kwenye karatasi kabla hujamimina maziwa, tukawa hatuifanyi, kwa sababu ndani ni kukavu, utavuta nini, basi mwanafunzi akifika hapo anasimama pembeni ya kitanda anasema kwa sauti, "Nimehakiki," na mimi namwekea alama ya vema. Wakaguzi walipokuja darasa zima lilifaulu, tukapongezwa, tukapiga picha na Shomari katikati.

Wiki iliyopita darasa hilo lilianza kwenda wodini. Fortunata ndiye mwanafunzi wangu mzuri kuliko wote, ana mkono mwepesi na ana huruma, akapewa mtoto mmoja wa kumwekea mpira, sista anayesimamia wodi amesimama nyuma yake, Fortunata akapima vizuri kutoka puani hadi sikioni hadi chembe ya moyo, akaingiza, mtoto akaanza kukohoa, midomo ikabadilika rangi, na Fortunata anaendelea kusukuma, maana Shomari hakohoi, halafu akasimama wima akasema, "Nimehakiki," akanyoosha mkono kuchukua maziwa. Sista akaupiga ule mkono, maziwa yakamwagika, akauvuta mpira, mtoto akapata pumzi. Mtoto ni mzima, Bibi, nakuapia. Sista akamwuliza, "Umehakiki nini wewe?" na Fortunata akamjibu, hakuwa anafanya jeuri, alijibu kwa moyo wake wote, "Nimesema, sista."

Sasa amesimamishwa, Alhamisi ni kikao cha kumfukuza kwa uzembe, na yeye mwenyewe amekubali, analia anasema alitaka kuua, maana habari ya gundi haijui, pale chuoni hakuna anayeijua ila mimi na Mkuu, na Mkuu ameniita ofisini akaniambia Shomari hana mdomo na mimi nisijifanye mdomo wake. Mume wangu Abdulhamid anasema ninyamaze, nikisema watanifukuza mimi, leseni yangu itachukuliwa, pengine chuo kitafungwa wanafunzi wote waumie, na Fortunata ni mmoja tu, nami nimewaza labda nimtafutie chuo kingine kimyakimya. Juzi nilimtoa Shomari kabatini nimsafishe nikakuta wino wa yale magazeti umemganda mgongoni, hautoki kwa sabuni wala kwa spiriti, na kipande kilichomganda ni cha safu yako, Bibi, jina lako liko pale mgongoni limegeuka kinyume, nikakaa chini nikalia. Nifanye nini? Niseme nipoteze kila kitu, au ninyamaze nimsaidie Fortunata kwa njia nyingine?

Mwalimu mwenye hofu, Gerezani

*

Marahaba.

Kumbe nimelala mgongoni mwa Shomari. Haya. Jina langu hata lingesimama wima nisingelisoma, shule sikuiona hata ya kupitia nje, lakini silipendi huko liliko. Mnawafundisha watoto wa watu uongo kwa mdoli huyo, halafu Bibi Siti kabebeshwa mgongoni kama muhuri.

Nilimwambia Saadiya anisomee tena pale pa fundi. Akasoma. Nikamwambia, tena. Akaniangalia, akasema, "Bibi, mbona yeye mwenyewe kakiri, basi mhurumie." Nikamwambia namhurumia, ndiyo maana nataka nisikie vizuri. "Nilikuwa nimesimama palepale, niliona anachokifanya, nilijua." Hayo ndiyo maneno ya kweli pekee kwenye barua nzima ambayo hayakuja na sababu nyuma yake. Mengine yote yana sababu. Madarasa yaliongezeka. Wakaguzi wanakuja. Mkuu kasema. Hamood kapiga kelele. Mume kasema. Kila mtu kasema, na wewe na mikono yako miwili uko wapi?

Sasa nikuulize jambo, na ukae chini wakati unalijibu. Mdoli umenitajia jina kila unapovuta pumzi. Shomari kafanya hivi, Shomari kafungwa kwenye kiroba, Shomari kapigwa picha. Mlinzi nimemjua mpaka upara wake. Na yule mtoto wa kitandani? "Mtoto mmoja." Basi. Mtoto mmoja! Plastiki ina jina, na mwenye roho, aliyekohoa mpaka midomo ikabadilika, huyo hana jina, hana mama, hana mtaa aliotoka. Umeapa ni mzima. Umemwona kwa macho yako, au na wewe umehakiki kwa mdomo?

Umemwona? Mama yake umekwenda kumjulia hali? Siioni habari hiyo humu, na Saadiya kaitafuta mpaka nyuma ya karatasi.

Nina haki ya kukuuliza. Kitukuu changu Ismail, unamkumbuka, yule mwenye vishimo mashavuni, alilazwa homa ilipompanda kichwani, hawezi kumeza hata mate yake, wakamwekea mpira huo huo puani. Aliyemwekea alikuwa binti mdogo, wa umri wa Fortunata wako, na gauni lake limepigwa pasi mpaka linakata. Nilikuwa nimemshika Ismail mguu. Nilimtazama yule binti usoni, nikamwachia mtoto. Sikumwuliza umejifunzia wapi. Sikumwuliza mdoli wenu anakohoa au hakohoi. Nani anauliza? Tunakaa kwenye benchi na kanga zetu tunawaangalia mkiwashika watoto wetu, na tunanyamaza kwa heshima, kwa sababu tunaamini kuna mtu mzima mahali fulani alikaa na binti yule akamwambia hapana, umekosea, toa, anza upya. Mtu huyo ni wewe. Ndiyo kazi unayokwenda nayo kila asubuhi. Na wewe ulikwenda Mtaa wa Kongo ukainunua "ndiyo" ya gundi.

Na hapa ndipo hasira inaponipanda hasa, maana barua yako yote inahangaika na Alhamisi. Kikao, leseni, chuo, Fortunata. Binti, Alhamisi ni mbali! Darasa zima limejifunzia koo lililozibwa. Darasa zima linajua kusema nimehakiki. Fortunata pekee ndiye aliyesimamishwa, kwa hiyo mtu pekee ambaye leo hawezi kumwumiza mtu ni yeye. Wenzake wote wako wodini sasa hivi wakati wewe unaandika mgongo wa mdoli hautoki wino. Na si kila mmoja atakuwa na sista nyuma yake wa kumpiga mkono. Sista ataitwa kitanda kingine, atakwenda msalani, ni binadamu. Hilo hukuliandika hata mstari mmoja. Mimi bibi wa vitumbua nimeliona kabla Saadiya hajamaliza kusoma, na si kwa sababu nina akili kuliko wewe. Ni kwa sababu mimi siogopi kufukuzwa kazi, na wewe hofu imekufunga macho.

Ndiyo maana Saadiya amekupigia simu tangu Jumapili kwenye namba uliyoiandika nyuma ya bahasha. Inaita tu. Umeomba msaada halafu simu huipokei kwa sababu namba huijui! Hospitali hukuitaja, ningekwenda mwenyewe, na chuoni nikituma mtu ataishia kwa Mkuu wenu. Basi nimelazimika kukusemea mbele ya watu wote wanaonunua gazeti, na usinilaumu.

Sasa niwagawie na wengine chao, wasijione wamepona.

Abdulhamid, mume wetu. Mwambie Bibi Siti anamsalimu, na anamwuliza: akiugua mwanawe, atapenda alazwe wodi ipi, ile yenye wanafunzi wa mkewe? Anakupenda, anaogopa nyumba yake isiyumbe, hilo nalielewa. Lakini ushauri wa mtu anayeogopa usiupokee ukiwa na wewe unaogopa.

Mkuu wenu, Mwalimu Onesphory. Huyo simjui, na pengine ni heri. Baba, umesema mdoli hana mdomo. Ni kweli, hana. Yule mtoto alikuwa nao, akakohoa, na hakuna aliyemsikiliza kwa sababu nyinyi mlimfundisha binti wa watu kuwa mtoto hakohoi. Kiti chako kina thamani gani, unayemtoa kafara msichana anayelia, ambaye kosa lake ni kufanya sawasawa mlivyomfundisha?

Hamood msimseme. Hamood namfahamu tangu anauza vitambaa vya viraka chini, na domo lake nalifahamu. Lakini yeye ndiye mtu pekee katika habari hii aliyeona maji yanavuja akapanda ngazi kusema yanavuja. Nyinyi kwa kumwogopa mkayafukuza maji. Wala hakuna aliyefikiria beseni! Mko Kariakoo, binti. Ukifungua dirisha unaona mabeseni yamepangwa mpaka barabarani, mekundu, ya bluu, ya maua. Mngemlaza huyo Shomari wenu juu ya beseni akavuja mpaka achoke, na watoto wangeona kosa lao likidondoka. Nyinyi mkaenda kununua gundi.

Haya, nimefoka, nimepumua. Nipe mkono wako.

Najua unaogopa. Ulikuwa mtoto mwoga hata zamani, ukivunja kikombe changu unakaa nyuma ya mlango mpaka nije kukutoa, na nikikutoa unalia kuliko mtu aliyevunjiwa. Sikudanganyi kwamba hutapoteza kitu. Huenda ukafukuzwa. Huenda wakakuita huko kwenye baraza lenu la wauguzi wakakuuliza maswali mbele ya watu, na utajibu moja moja. Sikwambii utasifiwa. Nakwambia tu kwamba usingizi unaoutafuta hauko kwenye kunyamaza, maana umenyamaza tangu gundi ile na hujaupata.

Na ile habari ya kumtafutia Fortunata chuo kingine kimyakimya, itoe kichwani. Utamtafutia chuo cha kumwondolea kile anachokiamini? Yule binti anajiita muuaji. Atakwenda huko, na kila akimgusa mtoto atakumbuka midomo ile, na hatajua kamwe kwamba aliyemfikisha pale ni mwalimu wake na gundi ya fundi. Huo si msaada. Ni kumpakia begi zuri mtu unayemfukuza.

Sasa sikiliza, na ufanye kwa mpangilio huu, usiruke.

Ukimaliza kusoma hapa, usikunje gazeti. Chukua simu umpigie yule sista. Usimtumie ujumbe, mpigie, asikie sauti yako. Mwambie: wanafunzi wangu wote wasiguse mpira wa kulishia mpaka nije niwafundishe upya, kosa ni langu, nitakueleza lote nikifika. Basi. Akikutukana, pokea. Usimwombe ruhusa Mkuu kwanza, maana atakupa chai na kukuambia ngoja. Mkuu mjulishe ukiwa umeshapiga.

Kisha nenda kwao Fortunata. Nyumbani kwao, mbele ya mama yake, si kumwita chuoni kama mshitakiwa. Mwambie habari ya gundi mwanzo mpaka mwisho. Usianze na madarasa yaliongezeka. Anza na "nilikuwa nimesimama palepale". Akikasirika, mwache akasirike, ana haki ya kupumzika kulia. Lakini na yeye umwambie ukweli wake: mtoto alikohoa mbele yake na yeye akaendelea kusukuma. Hilo ni lake, na atalibeba, ila atalibeba kama mwanafunzi aliyefundishwa vibaya, asilibebe kama muuaji. Usimsafishe mpaka ukamfanya mtoto mchanga. Nesi anayefaa ni yule atakayesikia kikohozi maisha yake yote.

Halafu nenda wodini kwa mama wa yule mtoto. Usiende na maua wala makaratasi ya chuo. Nenda na chupa ya uji wa moto na kanga begani kama mwanamke anayekwenda kumwona mwanamke mwenzake. Kaa kwenye benchi lake. Mwambie kilichotokea, maana nina hakika hajaambiwa, ameambiwa tu "mtoto alipaliwa kidogo". Mwombe radhi. Akikataa, hujakosewa. Ukiondoka, chupa muachie.

Alhamisi ingia kwenye kikao na Shomari mkononi. Usimfunge kwenye magazeti, umeshaona yanavyoganda. Mfunge kwenye shuka safi. Mlaze mezani mbele yao wote, mfungue kifua, uwaonyeshe koo lilivyozibwa, na uwape mpira waupitishe wao wenyewe. Kila mmoja ataupitisha na hatakosea, hata karani. Hapo ndipo waulize Fortunata kakosea wapi. Na kabla hujatoka nyumbani weka beseni kwenye mfuko, na kopo la maji, maana gundi hiyo utaikata mbele yao, umimine, wayaone maji yanavyoingia kwenye pafu mpira ukikosea njia. Pita kwa Hamood kwanza umwambie leo patavuja. Atafoka, halafu atapanda ngazi kuja kutazama, namjua.

Na kama baada ya hayo bado una kazi, agiza huo mfuko wa pafu, na mpaka ufike, wanafunzi wafanye na beseni. Kila somo likiisha, maji yamwagwe, mifuko ioshwe, ikaushwe, na aoshaye asiwe wewe peke yako, awe mwanafunzi aliyemtumia, ajue kwamba ukimaliza na mtoto hujamaliza mpaka amekauka na kufunikwa. Neno "nimehakiki" lipige marufuku chumbani humo kama mlivyopiga marufuku maji. Atakayefanya ataonekana amefanya.

Kama huna kazi tena, kuna meza yangu ya vitumbua, na mikono yangu imechoka kukoroga. Huko hutakufa njaa. Na nitakufokea kila siku, lakini utakula.

Ikifika Jumatano adhuhuri Saadiya hajapigiwa na yule sista, ambaye utampa namba ya gazeti, kwamba umemweleza, mimi mwenyewe napanda ngazi zile juu ya duka la vitenge, kwa magoti haya haya, na ngazi nitakayokwamia nitakaa niiteremshie Gerezani nzima habari yako, na hapo jina lako silifichi.

Umefanya? Basi Ijumaa baada ya swala njoo nyumbani. Si gazetini, nyumbani, acha kuniandikia kama mtu wa Ulaya. Pita mlango wa uani, mbele wamepanga nyanya. Fortunata atangulie kuingia, wewe nyuma yake. Nitakuwa nimekaa kwenye mkeka na nitakunyooshea mkono, lakini shikamoo yako usiitoe na mimi siipokei, mpaka kwanza umenitajia yule mtoto anaitwa nani.